Kijana wa Gebelein
Kijana huyu, aliyezikwa mchangani Gebelein, Misri, yapata miaka 5,500 iliyopita, alipitishwa mwaka 2012, pasipo kupasuliwa, katika mashine ya eksirei iliyotwaa taswira za mwili wake vipande kwa vipande, nazo kompyuta ikazipanga kama kurasa za kitabu, kisha kila nukta ikaipa rangi na wangavu kwa kadiri ilivyoizuia miale. Ngozi ikifanywa angavu kama maji, mifupa hudhihiri, na pamoja nayo jinai: amechomwa kwa nyuma, mfupa wa bega la kushoto ukatobolewa na ubavu ulio chini yake ukavunjika. Jeraha la kujikinga halikuonekana, yumkini alishtukizwa. Umri wake wakadiriwa miaka 18 hadi 21.