Lodi Rosebery na Kiti Asichokiomba

Archibald Primrose hakuulizwa kama alipenda kuwa mtunga sheria. Babu yake alipofariki mwaka 1868, naye baba alikuwa amekwisha kutangulia tangu 1851, cheo cha Earl wa tano wa Rosebery, mashamba ya Dalmeny kando ya hori ya Forth, na kiti katika Baraza la Malodi vilimwangukia kwa pamoja, hali yeye ni kijana wa miaka 20, angali mwanafunzi wa Oxford. Kiti hicho nacho hakikutokana na ulodi wa Uskoti, maana baada ya muungano wa 1707 malodi wa nchi hiyo walichaguana 16 tu wa kuwawakilisha wenzao. Kilitokana na ulodi mwingine, wa Ufalme wa Muungano, aliotunukiwa babu huyo mwaka 1828. Chuoni kijana alinunua farasi wa mashindano kinyume cha kanuni, na alipotakiwa achague baina ya farasi na shahada, akamchagua farasi.

Watu wengi humkumbuka kwa hayo, na kwa farasi wake watatu walioshinda Derby, lakini mimi naona kisa chenyewe kimo katika kile kiti. Mwishoni mwa 1879 alimkaribisha Dalmeny Gladstone, mwanasiasa mkongwe wa chama cha Kiliberali, akaipanga ile ziara ya hotuba katika jimbo la Midlothian ambayo Uingereza haikuwahi kuona mfano wake, umati ukifurika barabarani. Na huyo aliyeyatengeneza yote, mwenye ulimi fasaha kuwashinda wengi, alikuwa amezuiwa na nasaba yake asisimame kuomba kura hata moja. Mwaka 1884, na tena 1888, aliwasihi malodi wenziwe walitengeneze upya Baraza lao. Mara zote mbili wakakataa.

Mwaka 1890 alifiwa na mkewe, Hannah wa ukoo wa Rothschild, na msiba huo haukumtoka moyoni. Hata hivyo miaka miwili baadaye alirudi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, na hapo ndipo habari zake zinapotufikia sisi wa Afrika Mashariki. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikishikilia Uganda ilitaka kujitoa kwa uhaba wa fedha, na Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu, pamoja na Harcourt, waziri wake wa fedha, waliona afadhali iachwe. Rosebery, kwa subira na ujanja, akapata idhini ya kumtuma Sir Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, akaitazame hali. Portal akapandisha bendera Kampala tarehe 1 Aprili 1893, na mwaka uliofuata Uganda ikatangazwa kuwa himaya. Katika mabishano yale ya London sauti ya Waganda haikusikika, na hilo ni doa ambalo ufasaha wake wote hauwezi kulifuta.

Machi 1894 Malkia Victoria alimwita awe Waziri Mkuu pasipo kumwuliza Gladstone shauri. Jaha hiyo ilikuwa adhabu. Katika Baraza lake mwenyewe wafuasi wake walikuwa kiganja, kwani miezi sita nyuma malodi walikuwa wameutupa mswada wa kuipa Ireland utawala wake kwa kura 419 dhidi ya 41. Na katika Baraza la Makabwela, penye nguvu halisi, aliyeongoza ni Harcourt, mshindani wake, naye Rosebery hakuruhusiwa kusema humo hata neno. Mwanzoni mwa 1895 usingizi ulimhama, akawa akikesha usiku baada ya usiku hata afya ikaharibika. Tarehe 21 Juni serikali ikashindwa kwa kura saba katika jambo dogo la akiba ya baruti, akajiuzulu, wala hakushika tena wadhifa serikalini.

Akaishi miaka 34 zaidi, akiandika vitabu vya tarehe ya wakubwa waliomtangulia. Alipokuwa akikata roho, Mei 1929, alipigiwa kwenye gramafoni, kama alivyousia, wimbo wa wapiga makasia wa Eton, shule aliyosoma kabla hajarithi kitu.