Uganga wa Wacheyenne Ulivyovuka Marufuku

Mwaka 1883, kwa msukumo wa waziri wa mambo ya ndani Henry Teller, serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuwaadhibu Wenyeji Asilia kwa ibada zao. Aliyeshiriki ngoma ya jua alikatiwa posho ya chakula, na hilo lilikuwa pigo zito kwa watu ambao nyati wao walikuwa wamekwisha. Mganga alitiwa ndani siku zisizopungua 10, au mpaka aihakikishie mahakama kwamba ameuacha uganga moja kwa moja.

Kanuni hizo ziliwakuta Wacheyenne, mojawapo ya mataifa ya Wenyeji Asilia, wakiwa na majeraha mabichi. Novemba 29, 1864, askari wa Marekani waliwaua ndugu zao kambini Sand Creek, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Mwaka 1877 wale wa kaskazini walihamishiwa Oklahoma ya leo, wakaandamwa na homa na njaa. Mwaka uliofuata watu 300 hivi walitoroka kurudi kwao, wakiongozwa na Little Wolf na Dull Knife. Watu kama hao ndio walionyimwa tabibu wao. Huo nauita ukatili.

Na tabibu huyo alifanya nini? Makaa yaliwekwa karibu na mgonjwa, yakatiwa nyasi tamu zilizokaushwa. Mganga alipitisha mikono katika moshi kabla ya kumgusa. Alitikisa manyanga, akaimba, akatafuna mzizi na kumpulizia mgonjwa mahali panapouma. Mengi yalifanywa mara nne, hesabu yao takatifu. Mwanamke, mara nyingi mkewe, alikuwa msaidizi wake katika kazi hiyo. Mimi nimelelewa na babu aliyetibu kwa mizizi, bibi akitwanga na kuchemsha, na naijua hali hiyo: kazi ni ya nyumba nzima, na mgonjwa akija usiku wa manane, anafunguliwa mlango.

Wacheyenne husimulia kwamba nabii wao, Sweet Medicine, alikabidhiwa mishale minne mitakatifu katika mlima Bear Butte, Dakota Kusini, akawapelekea watu wake pamoja na sheria za kuishi. Kinachopokelewa mlimani ni amana ya watu wote. Kwa imani hiyo, uganga uliendelea kwa siri, kwa sababu wagonjwa hawakuacha kubisha hodi.

Mwaka 1934 John Collier, kamishna wa serikali wa masuala ya Wenyeji Asilia, aliwaagiza maofisa wake waache kuingilia ibada zao, na mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya kulinda uhuru wao wa dini. Leo wapo wanaopanda tena Bear Butte kufunga na kuomba, wakiacha vitambaa vya rangi mitini. Wapo wanaochoma mawe ya vibanda vya mvuke na kuwaombea jamaa zao humo. Kurudi huko nakuheshimu kwa sababu kunaanza na utumishi: kupasua kuni, kuchota maji, kukaa na mgonjwa. Atakayeyaweza hayo ndiye anayestahili kurithishwa nyimbo.