Duka la vitabu lisilo na vitabu

Wadau, kuperuzi vitabu na muvi mtandaoni kuna historia tamu. Amazon ilifungua Julai 1995 ikiuza vitabu tu, muziki na video vikaja 1998. Orodha yao ilikuwa na vitabu zaidi ya milioni, kumbe stoo karibu tupu! Ukishalipa ndo wanaagiza kwa muuzaji wa jumla. Naye alitaka oda ya vitabu 10. Jamaa wakaagiza kimoja cha mteja, na tisa vya ukoga wa kwenye mawe ambavyo walijua havipo. Wajanja sana. Mwaka 2001 Borders, wenye maduka ya vitabu kibao Marekani, wakawakabidhi hao hao mauzo yao ya mtandaoni. Kufika 2011, Borders wakafunga maduka yote.