Nani wa kusema safari isimame? Mvua na njia ya Tabora

Mvua za Tabora huanza Novemba na kukatika Aprili, mara nyingine Mei. Katika miezi hiyo nchi ya Unyamwezi, ambayo kiangazi hukauka mpaka ardhi ikapasuka, hugeuka vipande vya miombo vilivyotenganishwa na mbuga za udongo mweusi, udongo unaonata miguuni na kumeza magurudumu. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikakata pori la Mgunda Mkali hadi Tabora na kuteremkia Ujiji, takriban kilomita 1,200 kwa jumla, iliwatesa wasafiri kwa kiu nusu ya mwaka na kwa maji nusu nyingine. Vitabu vya historia vimesema mengi kuhusu pembe, watumwa na bunduki za njia hiyo. Kuhusu maji vimepita juu juu. Hata hivyo swali linalomkabili leo trafiki aliyesimama mbele ya kalavati lililofunikwa na mafuriko, huku mabasi yanampigia honi, ni swali la kale la njia hii: nani ana mamlaka ya kusema safari isimame, na kwa nini asikilizwe? Nitajenga hoja kwamba mamlaka hayo yaliokoa watu wengi kuliko madaraja, na kwamba kadiri njia ilivyoboreshwa ndivyo yalivyozidi kuhama kutoka ukingoni mwa mto kwenda mezani.

Tuanze na wapagazi wenyewe. Mnyamwezi aliyebeba mzigo hadi pwani alikuwa pia mkulima. Wengi wao walishuka pwani mvua zilipokatika, wakajitahidi kuwa wamerejea kabla ya kupanda. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walilipata somo hilo bila kulitaka. Walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na wapagazi wao wa Kinyamwezi walipojiona wamefika kwao wakatua mizigo na kutawanyika. Mvua zilikuwa zinaingia. Wazungu hao wawili walilazimika kukaa mjini kwa wiki kadhaa, na walipoondoka Desemba walikuwa wanakwenda kinyume na kalenda ya nchi. Waliliona Ziwa Tanganyika Februari 13, 1858, Burton akiwa hawezi kutembea na Speke akiwa karibu kipofu. Maradhi yao yalikuwa na sababu nyingi, wala si haki kuitupia mvua lawama zote. Lakini linaloonekana wazi ni kwamba kalenda ya kilimo ilifanya kazi ambayo leo tunamwachia askari: ilipunguza watu njiani katika miezi mibaya, bila amri ya mtu yeyote.

Mwanahistoria makini atapinga hapa, na ana haki. Wapagazi hao walirudi kulima, hawakurudi kwa ajili ya usalama. Isitoshe, kadiri biashara ilivyokua katika miaka ya 1860 na 1870, walizidi kuwapo watu walioifanya kazi hiyo kuwa riziki yao ya mwaka mzima, wakasafiri masika na kiangazi. Nakubali yote mawili. Kubwa zaidi ni kwamba misafara ilibeba pia watu waliofungwa minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama mto unapitika. Kwa hiyo sisemi kwamba njia ya kale ilikuwa na huruma. Ninachosema ni kwamba ilikuwa na vituo vya uamuzi. Ndani ya msafara alikuwapo kiongozi wa wapagazi, aliyetangulia na bendera: yeye ndiye aliyejua wapi pa kupiga kambi, na aliposimama yeye, mstari wote ulisimama. Nje ya msafara walikuwapo watemi na watu wao wa vivuko.

Kivuko kilichoandikwa kuliko vyote ni kile cha Malagarasi, mto mkubwa kati ya Tabora na Ujiji. Burton alipofika hapo mwanzoni mwa Februari 1858 alikuta mambo yamepangwa. Upande mmoja palikuwa na madai ya mtemi Mzogera, mwenye nchi ya Uvinza, na upande mwingine palikuwa na yule ambaye Burton anamtaja kama Mutware, bwana wa kivuko, ambaye bila yeye hakuna mtumbwi ulioingia majini. Mzigo ulivuka kwa bei yake na mtu kwa bei yake, na mabishano yalichukua muda mrefu kuliko kuvuka kwenyewe. Mwandishi wa habari Stanley alipita huko mwanzoni mwa Novemba 1871, mto ukiwa bado haujajaa, naye pia alilipa. Punda wake aliyeitwa Simba alivutwa majini kwa kamba iliyofungwa shingoni, mtumbwi ukiwa mbele, na katikati ya mto mamba akamdaka kooni. Watu walivuta kamba kwa nguvu zao zote, lakini punda akazama. Ikiwa hali ilikuwa hivyo maji yakiwa machache, si vigumu kufikiri Februari inadai nini, na kwa nini mtu aliyezaliwa ukingoni hapo alikuwa na bei.

Stanley aliona ushuru wa njia, ile hongo iliyolipwa kwa vitambaa na shanga, kuwa unyang'anyi mtupu, hata akaukwepa huko Uha kwa kuwapitisha watu wake usiku kimya kimya. Wasomi wengi wamemfuata katika hukumu hiyo. Sehemu yake ni kweli: watemi walipandisha bei walipoona mgeni ana haraka, na ziko sehemu ambazo mlipaji hakupata chochote zaidi ya ruhusa ya kuendelea. Lakini kivuko ni jambo jingine. Bwana wa kivuko aliishi kwa misafara ya mwaka huu na ya mwaka ujao. Msafara uliozama haukulipa tena, na habari mbaya zilifika Tabora upesi. Alikuwa na faida ya kuvusha, ndiyo, ila alikuwa na faida zaidi ya kuvusha salama, na alikuwa pale pale kila siku akiuangalia mto ukipanda na kushuka. Vitu hivyo viwili, maslahi na ukaribu, ndivyo vilivyolipa neno lake uzito.

Ushahidi wa upande wa pili ni wa wale waliopita bila kusubiri. Speke na mwenzake mpya, Grant, waliondoka pwani Oktoba 1860, wakakutwa na mvua kubwa Ugogo na Mgunda Mkali, wapagazi wao wengi wakawatoroka, wakaingia Tabora Januari 1861 msafara ukiwa umepukutika. Stanley mwenyewe alijua masika yanakuja. Aliugawa msafara wake katika makundi matano ili uondoke haraka, la kwanza likiondoka Bagamoyo Februari 18, 1871 na yeye na la mwisho Machi 21, lakini mvua ilimkuta kwenye uwanda wa Mkata, kabla ya Kilosa. Huko walikwenda kwa siku kadhaa ndani ya maji na tope, wanyama wakafa, naye akaharisha damu. Mwaka uliofuata, akirejea pwani, alikuta sehemu ya ukuta wa Simbamwenni, mji wenye ngome karibu na Morogoro ya leo, imebomolewa na mafuriko ya mto Ngerengere. Aprili 15 ya mwaka huohuo, 1872, kimbunga kilikuwa kimeng'oa mikarafuu ya Unguja. Stanley alikuwa na fedha, bunduki na barua za wakubwa. Hakuwa na mtu mwenye uwezo wa kumwambia ngoja.

Mamlaka ya kusimamisha yana hatari yake, na historia ya Tabora inaionyesha bila kificho. Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 alipogombana na Waarabu wa Tabora, na biashara ya upande wote wa magharibi ikayumba. Mtu akisimama barabarani na kusema hapiti mtu, anaweza kuwa anakulinda, anaweza pia kuwa anakukamua. Dereva yeyote wa lori wa leo analijua hilo bila kufundishwa. Kwa hiyo suala la kupima ni hili: mwenye mamlaka hayo anajibu kwa nani, na anajua nini.

Reli ilikuja na jibu lake. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe walilifuata bonde la Mkondoa, bonde lilelile walilopita wapagazi, na mto umekuwa ukiwadai warithi wao tangu hapo. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yalikata tuta hapo, na safari za Reli ya Kati zikasimama kwa miezi. Lakini tazama jinsi reli inavyosimamisha. Treni haitoki stesheni mpaka stesheni masta apate ruhusa ya stesheni ya mbele, na genge la njia lina kipande chake cha kukagua kwa miguu. Mtu wa genge akikuta kokoto zimesombwa chini ya mataruma, neno lake linamfunga dereva wa treni nzima. Kilikuwa kivuko cha Malagarasi kilichovaa sare: mtu wa mahali, mwenye kujua mahali, na mwenye amri. Na kwa miaka mingi mtu aliyetaka kwenda Kigoma masika alipanda treni, kwa kuwa barabara za udongo zilikuwa hazipitiki.

Kisha lami. Daraja la Kikwete katika mto Malagarasi lilizinduliwa mwaka 2015, na kipande cha Nyahua hadi Chaya, kilomita 85.4 za lililokuwa pori la Mgunda Mkali, kilizinduliwa mwaka 2022. Ni kazi kubwa zenye kustahili sifa. Lakini lami inamwambia dereva kwamba msimu umefutwa, na haujafutwa. Januari 2014 mafuriko ya Dumila yaliikata barabara ya Morogoro–Dodoma, ambayo ndiyo inayofanya leo kazi ya njia ya misafara upande wa mashariki. Machi 2020 barabara hiyohiyo ilikatika tena Kiyegeya, wilayani Gairo. Mara zote mbili malori na mabasi yalijipanga foleni ndefu, na polisi walikuwa na kazi ya kuzuia watu wasijaribu bahati. Hapo ndipo kasoro inapoonekana. Askari wa usalama barabarani anafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1973 ambayo shabaha yake kubwa ni dereva na chombo chake: mwendo, leseni, taa, breki. Barabara yenyewe ni ya TANROADS, na zile za vijijini na mijini ni za TARURA tangu 2017. Utabiri wa mvua ni wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ratiba ya basi ni ya LATRA. Kile ambacho Mutware alikishika kwa mkono mmoja kimegawanywa mikononi mwa ofisi kadhaa, na mara nyingi askari hufika maji yakiwa yameshapanda.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya marufuku iliyoanza miaka ya 1990. Sababu za kuiondoa zinaeleweka; muda ni mali, na mabasi ya usiku yanasaidia wengi. Ila marufuku ile, pamoja na kero zake zote, ilikuwa pia kizuizi cha saa ambazo dereva hawezi kutofautisha lami iliyolowa na mto unaopita juu ya lami. Kizuizi kimeondoka, na uamuzi umebaki kwake peke yake, akiwa na abiria wanaolalamika na tajiri anayepiga simu.

Wapo watakaosema dawa ni makalavati makubwa na madaraja marefu, basi. Yanahitajika, sikatai. Lakini nchi zenye fedha kutuzidi hazikuishia hapo. Jimbo la Wyoming, Marekani, lina mageti ya chuma kwenye barabara kuu namba 80, na dhoruba ya theluji inapokaribia hufungwa, malori ya mataifa yote yakalala mjini mpaka upepo utulie. Nao wana uchumi unaoitegemea barabara hiyo usiku na mchana. Wapo pia watakaosema kusimamisha malori ya Burundi na Kongo ni hasara. Ni hasara ya saa. Lori lililosombwa likaziba kalavati ni hasara ya siku, kwake na kwa walio nyuma yake wote.

Kinachowezekana bila kusubiri bajeti kubwa ni kurudisha mtu mtoni. Kwenye kila kivuko kinachojulikana kwa kufurika kati ya Chaya na Malagarasi, aajiriwe mwenyeji wa kijiji cha jirani kwa miezi sita ya mvua, nguzo ipakwe rangi ya kuonyesha kina, awe na simu inayofika kwa trafiki wa zamu na kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, na maji yakigusa alama nyekundu geti lishuke bila kuomba kibali cha mtu aliye ofisini. Ili asije akawa Mirambo mdogo, saa ya kufunga na ya kufungua iandikwe na kutangazwa redioni. Posho yake kwa msimu mzima haifiki bei ya kulijenga upya kalavati moja.