Pasaka Ndani ya Basi, Idd Ndani ya Lori

Mtu anayekataa andazi la moto saa moja asubuhi pale Namanga, baada ya kukesha ndani ya basi, lazima ana sababu. Jirani yangu wa kiti alilikataa kwa upole, akatoa kwenye kikapu mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, akanigawia.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Aprili 2019. Nilikuwa narudi nyumbani Dar es Salaam kutoka Makerere. Yeye alipanda usiku pale Malaba, akitokea Mbale, na alikuwa anakwenda Kariakoo kununua viatu na vitenge vya kuuza kwao. Nikamuuliza kama tumbo linamsumbua.

"Hapana. Niko kwenye Pasaka. Siku hizi hatuli kitu chenye hamira."

"Dada, Pasaka si ilikuwa juzi?"

"Yenu. Yetu inaisha Jumamosi."

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Myahudi wa kwanza maishani mwangu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Mbale. Alinieleza kwamba Pasaka yao ni siku nane. Siku mbili za mwanzo na mbili za mwisho hawasafiri wala hawafanyi biashara, lakini siku za katikati mtu mwenye shida zake anaweza kuwa njiani, ilimradi asiguse mkate. Alikuwa amepiga hesabu: afike Jumanne usiku, anunue mzigo Jumatano na Alhamisi, na kabla ya jua kuzama Alhamisi awe ametulia gesti. Sikukuu yake alikuwa ameipakia kwenye kikapu.

Watu wengi wakisikia "Wayahudi wa Uganda" hukumbuka mwaka 1903, Waingereza walipotaka kuwapa Wayahudi wa Ulaya ardhi Afrika Mashariki. Ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo leo ni Kenya, na mpango ule ulikufa mwaka 1905. Watu wa dada huyu hawakutoka huko. Wanaitwa Abayudaya, na habari zao zinaanza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda, kisha akaona hawampi cheo alichokitarajia. Alijitenga nao, akazama kwenye Biblia, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Alipoambiwa kwamba kutahiriwa ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwa kuwa Myahudi. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake walibaki kwenye vilima vya kuzunguka Mbale, wakilima na kushika Sabato.

Miaka ya 1970 Idi Amin akawapiga marufuku. Masinagogi yakafungwa. Idadi yao, ambayo hutajwa kuwa ilifika watu kama 3,000, ikashuka hadi mamia machache. Wengine waliingia Uislamu au Ukristo ili waishi. Waliobaki walisali ndani, milango imefungwa. Fikiria ugumu wa sikukuu zao. Iko moja, Sikukuu ya Vibanda, inayomtaka mtu ajenge kibanda nje na kukiezeka matawi, akae humo kwa siku saba kuwakumbuka mababu waliotangatanga jangwani. Kibanda huwezi kukificha. Lakini Pasaka ni chakula cha usiku, ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini. Pasaka inafichika.

"Mwaka 1979," aliniambia tulipokuwa tunaipita Arusha, "mama alikuwa binti mdogo. Jumatano ile, tarehe 11 Aprili, jioni yake ndiyo Pasaka inaanza. Na siku hiyo hiyo redio ikasema Amin amekwisha. Mtoto wa kwetu akiuliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine, tunamweleza habari za Misri, halafu tunamweleza na hiyo." Akanitazama. "Ni nyinyi Watanzania mliotuletea."

Sikujua niseme nini, kwa sababu mmoja wa hao Watanzania ninamfahamu. Ni babu yangu, anaishi Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na vita vile hapendi kuvisikia.

Babu hakuwa askari. Mwaka 1978 alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Kariakoo. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuliteka eneo la kaskazini ya mto Kagera; tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba tutampiga. Jeshi lilikuwa mbali na vita, likahitaji magurudumu. Serikali ikakusanya mabasi na malori, ya mashirika na ya watu binafsi, na lori la babu likaenda pamoja na dereva wake na utingo wake. Idd el-Hajj ya mwaka huo iliangukia wiki ya pili ya Novemba. Babu aliisali kando ya barabara, amepanga foleni nyuma ya malori mengine, na mlo wake wa sikukuu ulikuwa wali mkavu uliopikwa kwenye kivuli cha bodi. Alilala ndani ya lori lile kwa miezi.

Vita vilisogea, naye akasogea navyo: Mutukula Januari, Masaka mwishoni mwa Februari. Mwezi huo huo mama yake alifariki Dar es Salaam, akazikwa Kisutu. Babu alipata habari wiki tatu baadaye, kwa mdomo wa dereva mwenzake. Aliporudi, lori lilikuwa bovu. Tangu hapo, mtu akianza habari za Kagera, yeye hukata kwa sentensi moja: "Nilipeleka mchele, nikakosa kumzika mama." Akiwa na hasira zaidi huongeza: "Na Amin alipotoka, wenyewe wakaendelea kuuana." Kwa hili la pili hakuna wa kumbishia. Uganda ilipata marais watatu kati ya Aprili 1979 na Mei 1980, kisha vita vingine.

Nilikua nikiamini kwamba babu ana haki ya kunyamaza. Sasa nilikuwa nimekaa karibu na mtu ambaye mbele yake sentensi ile isingetosha.

Jina la Kariakoo nalo linabeba habari hii. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, walipigishwa kambi hapa, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Midomo ya watu ikaligeuza jina la kikosi kuwa Kariakoo. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Waliobeba mzigo, wakalala kwenye vibanda, wakafa njiani, ndio waliotuachia jina la mtaa. Babu alizaliwa hapa, akaja kuwa mpagazi wa vita vingine, tofauti ni kwamba mzigo wake ulikuwa na injini.

Soko lenyewe tunalolijua, lililofunguliwa mwaka 1975, lilichorwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo Haifa, Israel. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayokinga maji ya mvua, na ukisimama chini yake unajiona uko mnadani chini ya miti. Alhamisi mchana nilimwonyesha mgeni wangu paa hilo. Aliinua macho kidogo tu. "Zuri," alisema, kisha akarudi kwenye bei ya viatu.

Saa kumi alasiri, mzigo wake ukiwa umefungwa, nilimpeleka kwa babu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Babu alitoa kahawa chungu na kashata. Kashata zilibaki kwenye sahani; nikaenda kutafuta tende. Mgeni akaeleza ametoka wapi, na siku hizi nane ni za nini, kisha akasema lile aliloniambia ndani ya basi. Alilisema bila kulipamba, kama mtu anayerudisha deni dogo lililokaa sana.

Babu alizungusha kikombe. Nilisubiri sentensi yake. Haikuja.

"Usiku ule," alisema, "kulikuwa na mwezi mkubwa. Tulizima taa za magari, na bado nilimwona utingo wangu amelala chini ya bodi."

"Pasaka yetu huwa ni mwezi mpevu, mzee. Kila mwaka."

"Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Nyumbani, Mbale. Milango imefungwa."

"Mbale tulikuwa hatujafika," alisema babu, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Alikuwa na haki: Jinja ilichukuliwa tarehe 22 Aprili, na Mbale baada yake. Usiku ule askari wa Amin walikuwa bado wapo kule, na watu wale walikula Pasaka yao bila kujua kama lililotangazwa redioni lingewafikia.

"Mlifika," mgeni alisema.

Ningependa kuandika kwamba babu alilia, au kwamba alisimulia vita vyote hadi usiku. Aliuliza jina la mama wa mgeni, na kama yuko hai. Yuko hai. Akasema amsalimie. Halafu akauliza mzigo ni kiasi gani, na wenye lori wamemtajia bei gani hadi mpakani. Alipotajiwa, aliweka kikombe chini.

"Wamekupiga. Twende."

Jua lilikuwa limebakiza kama saa nzima. Babu, mwenye miaka 71 na goti bovu, alitangulia kushuka ngazi. Alisimama kati ya madereva na matingo wenye umri wa wajukuu zake, akabishana bei ya kupeleka mzigo Uganda mpaka ikashuka. Mgeni alilipa, akatuaga haraka haraka, akakimbilia gesti kabla giza halijaingia.

Kesho yake ilikuwa siku ya Muungano. Maduka mengi yalifungwa, na Kariakoo ilikuwa kimya kuliko kawaida yake. Nilimkuta babu barazani.

"Yule binti," aliniuliza, "leo anakula nini?"

"Mayai, nadhani. Ndizi. Tende."

"Mpelekee," alisema, akanipa noti ya shilingi elfu kumi. "Mwambie ni ya sikukuu."

Nilipofika njiani nilikumbuka kwamba siku ile yeye haruhusiwi kushika fedha. Nikapita gengeni, nikanunua ndizi.