Taru, Kambi ya Ngurunga

Kabla ya stesheni ya Taru palikuwa na kambi, na kabla ya kambi palikuwa na ngurunga: shimo la mwambani linalokinga maji ya mvua. Anayeteka hulala kifudifudi, akazamisha kata mpaka mkono uishie begani. Mvua ikiwa njema, maji hukaa. Ikigoma, kata hurudi na tope na viluwiluwi.

Mwamba huo ni mchanga ulioshikamana zamani sana, zaidi ya miaka milioni 250, na wanajiolojia wameupa jina la hapa hapa: mawe ya Taru.

Misafara ya kwenda bara ilitoka Mombasa, ikapita Rabai na nchi ya Waduruma, ikatua hapa. Haikuwa hiari. Mbele, mpaka mlima Maungu, maji yalikuwa ya kubahatisha. Kwa hiyo wapagazi walikuwa na mwendo wao waliouita terekeza: chakula kinapikwa mchana penye maji, vibuyu vinajazwa, safari inaanza alasiri jua likilegea. Usiku wanalala pakavu, na kabla ya alfajiri mizigo iko vichwani tena, ya frasila 2 hivi kila mmoja. Aliyekunywa kibuyu chake mapema alikuwa na siku ndefu.

Mmisionari Krapf alipita 1849 akienda Ukambani. Mpelelezi Joseph Thomson akafuata Machi 1883, akielekea Umasaini. Kutoka katika vitabu vya wageni wa namna hiyo ndiko ramani zilikopata "Jangwa la Taru". Mimi jina hilo silikubali. Jangwa gani linalolisha ng'ombe wa Waduruma? Hii ni nyika, yenye miiba na msimu wake, na aliyeiita jangwa alikuwa na kiu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896, ikafika Kisumu 1901. Ilipoingia Taru, ngurunga hazikutosha kitu: maelfu ya vibarua, wengi wao kutoka India, waliletewa maji kwa treni kupitia reli waliyokuwa wameitandika wenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji tena kulala Taru. Safari ya siku nyingi ikawa ya saa chache, na kambi ikageuka stesheni ndogo ya kuchungulia dirishani.

Mwaka 2017 reli mpya ikafunguliwa. Upande huu stesheni zake ni Mariakani, kisha Miasenyi; Taru haimo. Treni ya zamani ya abiria ikakoma mwaka huo huo. Wanaosimama sasa ni madereva wa malori ya barabara kuu, wanaokunywa chai na kulala ndani ya gari.

Ukame wa 2020 hadi 2022 ulikausha hata silanga, yaani mabwawa ya kuchimbwa. Mvua iliporudi, mitungi ya njano ilipanga foleni penye maji, na mwambani mtoto alilala kifudifudi, kopo mkononi, mwenzake akimshika miguu.