Bukavu: kwa nini kuta zinaandikwa «Parsele hii haiuzishwe»

Kwenye kuta za nyumba nyingi za Bukavu, toka Panzi hadi Bagira, kuna maneno yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu au kwa chokaa: «Parsele hii haiuzishwe». Mgeni anayetoka Ulaya anashangaa. Kwao, anayetaka kuuza ndiye anayeweka kibao mbele ya nyumba. Hapa, asiyetaka kuuza ndiye anayelazimika kuandika. Hata Dar es Salaam na Lagos maandishi kama hayo yanaonekana, na sababu ni ile ile: mjini ambako kila mtu anatafuta pa kulala, nyumba inaweza kuuzishwa mchana mmoja na mtu ambaye si mwenyewe. Anaweza kuwa mdogo wa mwenye nyumba, mtoto wa kwanza, baba mdogo au hata mpangaji.

Toka mwezi wa pili wa 2025 swali hili limerudi katika jamaa nyingi, kwa waliokimbia na kwa waliobaki. Kuna wanaotaka kuuza haraka ili wapate nauli, chakula na pesa ya kuanzia maisha kwingine. Kuna wengine wanaopata habari kwa simu kwamba nyumba yao imepata mwenyewe mpya. Lakini mauzo ya mbio si jambo jipya Bukavu. Kila mara mji ulipotikisika, nyumba zilibadilisha mikono. Na mara nyingi aliyeuza kwa haraka aliumia mara mbili: kwanza kwa bei, halafu kwa kesi.

Udongo wa mwami

Kabla ya mji, udongo wa Bushi ulikuwa chini ya mwami na machifu wake. Mtu aliyetaka kukaa daima alipata kalinzi: alitoa ng'ombe kwa chifu, akapewa mahali pa kujenga na kulima, na watoto wake wakarithi. Aliyetaka kulima msimu mmoja tu alipata bwasa, akatoa sehemu ya mavuno au kazi. Baadaye, wakati wa ukoloni, ndipo kulikuja bugule, yaani kununua kwa pesa.

Kwa kalinzi hakuna aliyeuza peke yake. Lazima chifu ajue, jamaa ijue, na majirani waone mipaka. Jambo hilo lilichukua muda, na muda huo ndio uliokuwa ulinzi. Hata jina la mji linakumbusha wakati huo: wazee wanasema Bukavu linatoka kwenye neno la Kishi, bu'nkafu, mahali pa ng'ombe.

Costermansville: mji wa karatasi

Wabeljiji waliweka kituo chao hapa mwaka 1901. Mwaka 1927 wakauita mji Costermansville, jina la mkubwa wao mmoja wa ukoloni, na miaka ya 1950 jina la Bukavu likarudi. Kando ya ziwa, kwenye rasi kama La Botte, Muhumba na Nguba, walijenga nyumba za mawe na bustani kwa ajili ya wazungu. Watu weusi walipangiwa Kadutu na Bagira. Kule Bagira, baada ya 1952, ofisi ya serikali ya kikoloni ya kujenga miji ya Waafrika, iliyojulikana kwa herufi OCA, ilijenga nyumba za mfululizo, na nyingi zimesimama mpaka leo.

Wakati huo ndipo kulianza tofauti inayowaumiza watu mpaka sasa. Nyumba za kando ya ziwa zilikuwa na hati kamili zilizoandikwa katika vitabu vya serikali. Nyumba za mitaa ya watu weusi zilitegemea ruhusa ya kukaa, na haki kamili ya umilikaji ilianza kufunguliwa kwa Wakongomani wachache miaka ya mwisho ya ukoloni tu. Mji mmoja ukawa na karatasi za aina mbili: karatasi nzito na karatasi nyepesi.

Wazungu wanakimbia, serikali inachukua

Mwaka 1960 uhuru ulipofika, na fujo ya jeshi ikafuata, wazungu wengi walivuka Ruzizi. Mwezi wa nane wa 1967 mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji na kuushika karibu miezi mitatu, mpaka mwanzo wa mwezi wa kumi na moja walipoingia Rwanda. Mji uliharibika vibaya. Wazungu wengi waliotoka wakati huo hawakurudi tena kukaa.

Katikati ya mambo hayo sheria ilibadilika. Sheria ya Bakajika ya 1966 ilirudisha mikononi mwa serikali udongo ambao wakoloni walikuwa wamegawa. Halafu sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, ambayo imeongoza mambo ya udongo kwa miaka mingi, ikasema wazi kwamba udongo ni mali ya Dola peke yake, na hauuzwi kamwe. Mtu ana haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio. Kwa Mkongomani konsesio hiyo inaweza kuwa ya daima; kwa mgeni ni ya muda, miaka 25 inayoweza kuongezwa.

Maana yake ni kwamba mtu anayeuzisha parsele yake Nyawera au Nyamugo hauzishi udongo. Anauzisha nyumba na haki yake ya kukaa pale. Na haki hiyo, kwa sheria, inaonyeshwa na kitu kimoja: sertifika iliyoandikwa na konsevateri wa hati za nyumba. Karatasi ya mauzo yenye muhuri wa shefu wa kartie ni ushahidi kwamba watu walipatana. Haifanyi kazi ya sertifika.

Mwaka huo huo, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza zairianizasio. Maduka, mashamba na nyumba za wageni zilipewa Wazairi, wengi wao watu wenye marafiki serikalini. Kuanzia 1975 na 1976 serikali ikaanza kurudisha sehemu ya mali ile kwa wenyewe. Lakini mali iliyopita mikono mitatu hairudi bila ugomvi, na jengo lililogawiwa kwa haraka linaweza kubaki na watu wawili wenye karatasi, kila mmoja akisema: hii ni yangu.

Miaka kumi ya mitikisiko

Mwezi wa saba 1994, wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kwa mamia ya maelfu. Walilala barabarani, kwenye uwanja wa shule na kanisa, kabla ya kupelekwa katika kambi kama Panzi, Inera na Kashusha. Nyuma yao mashirika ya msaada yalikuja na magari na dola. Nyumba kubwa za kando ya ziwa zikapata wapangaji wanaolipa kwa dola, na desturi ya kuhesabu kodi na bei ya parsele kwa dola ikatia mizizi. Wapo wenye nyumba waliohamia kwenye nyumba ndogo ya nyuma ili ile ya mbele iingize pesa.

Mwisho wa mwezi wa kumi 1996 vita viliingia mjini. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 mwezi huo. Mwaka 1998 vita vya pili vikaanza, na Bukavu ikakaa chini ya utawala wa waasi wa RCD mpaka serikali ya mpito ya 2003. Mwezi wa sita 2004 mji ulitekwa tena kwa siku chache na askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008 tetemeko la ardhi likabomoa nyumba na makanisa.

Miaka hiyo yote, vijiji vya Walungu, Kabare, Kalehe, Mwenga na Shabunda viliendelea kumwaga watu mjini. Aliyechomewa nyumba kijijini alikuja kwa ndugu yake Kadutu, akakaa, akatafuta kipande cha kilima. Hivyo ndivyo Bukavu ilivyopanda milima. Parsele moja ilikatwa mara mbili, halafu mara nne, mpaka paa la jirani wa chini likawa sawa na kizingiti cha jirani wa juu. Mahali ambapo wakoloni waliacha miti kwa sababu ya mmomonyoko palijengwa nyumba za mbao. Mvua kubwa ikinyesha udongo unateremka na watu wanakufa. Moto ukiwaka nyumba moja, avenyu nzima inaungua.

Pamoja na hayo bei haikushuka, kwa sababu mji umebanwa. Upande mmoja ni ziwa, upande mwingine ni Ruzizi na mpaka, na nyuma ni milima. Anayenunua hana pengine pa kwenda. Ndiyo maana komisionere hakosi kazi: asubuhi anasikia kuna anayeuza, saa sita ameleta wanunuzi watatu, jioni anadai asilimia yake. Kazi yake ni kuharakisha. Kuangalia kama muuzaji ni mwenyewe kweli, au kama parsele iko kwenye kesi, mara nyingi hakumletei faida yoyote.

2025: mwenye dola mkononi

Goma ilipotekwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na waasi wa AFC/M23 wakaingia Bukavu katikati ya mwezi wa pili, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, wengine Uvira na kwingine. Banki zilifunga milango. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukaacha kupokea ndege za abiria. Mji uliozoea dola ukakosa noti.

Hapo bei ya nyumba ilipata bwana mpya. Wakati banki zinafanya kazi, wanunuzi ni wengi: mwalimu aliyekopa, mfanyabiashara, mtoto aliye ng'ambo anayetuma pesa. Banki zikifunga, anabaki yule mwenye noti nyumbani. Huyo hana haraka. Anajua muuzaji anataka kuondoka kesho. Anatoa nusu, anakataa noti iliyopasuka ikiwa yeye ndiye anayepokea, na anataka karatasi zote siku hiyo hiyo. Hivyo mji unaweza kuwa na nyumba ghali na wauzaji maskini kwa wakati mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo historia ya 1973 na ya vita imeacha wazi. Karatasi inayotolewa chini ya utawala mmoja inaweza kukataliwa na utawala unaofuata. Aliyenunua kwa bei ya kutupa naye hana usingizi: mwenye nyumba akirudi na sertifika yake ya zamani, kesi inaanza. Kwa sheria ya 1973, sertifika isiyopingwa mbele ya tribinali kwa miaka miwili inakuwa ngumu sana kuvunja. Miaka miwili ni mingi kwa mtu aliye mjini. Kwa jamaa iliyo kambini, bila nauli na bila avoka, inapita kama wiki mbili.

Mambo ambayo muda unalinda

Sheria ya jamaa, ile ya 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba nyumba au konsesio haiwezi kuuzishwa bila mume na mke kukubaliana, hata kama karatasi ina jina la mmoja. Mume aliyebaki Bukavu hawezi kuuza bila mke aliye Burundi, na mke vilevile. Nyumba ya marehemu ni ya warithi wote, na watoto ndio wa kwanza. Baba mdogo aliyeachiwa ufunguo hakuachiwa nyumba.

Kwa hiyo jamaa iliyo mbali ina njia chache za kujilinda, na zote ni za zamani kama kalinzi. Sertifika ya asili haiachwi kwa komisionere wala kwa mpangaji. Nakala inatosha kuonyesha. Anayeachiwa kuangalia nyumba apewe karatasi inayosema wazi: anaangalia, anapokea kodi, haruhusiwi kuuzisha. Majirani wa pande zote nne na shefu wa avenyu wajue jina la mwenye nyumba na mahali alipo, na simu yake. Na kabla ya kuuza, jamaa ipime kama kupangisha kwa bei ndogo hakutoshi kwa miezi ya shida, kwa sababu aliyepangisha ana mahali pa kurudi.

Wapo ambao hawana njia nyingine ila kuuza. Mgonjwa hangoji vita viishe. Kwao historia inasema jambo moja tu: haraka iwe katika kutafuta mnunuzi, isiwe katika kuandika. Siku mbili za kuita mke, watoto, mashahidi na majirani, kupima mipaka na kuhesabu pesa mbele ya watu, hazipunguzi bei. Anayekimbiza muuzaji asahihi usiku huu bila jamaa kujua, huyo ana sababu yake, na sababu hiyo itajulikana siku ya tribinali.